PABX (mtambo wa simu za ofisi) ya bure kwenye mashine pepe (VM, kompyuta ndani ya kompyuta): sauti inakatika kila ikifika saa nne asubuhi, tatizo ni nini?

#1 Mzigo_Ghalani

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, hii ni wiki ya tatu nahangaika.

Tuna duka la jumla la vifaa vya umeme Kariakoo, ghala liko Vingunguti na tawi dogo Mwanza. Zamani kila muuzaji alikuwa anapokea oda kwa laini yake mwenyewe. Mwaka jana kijana mmoja akaacha kazi akafungua duka lake mtaa wa nyuma, namba akaondoka nayo kwa sababu imesajiliwa kwa kidole chake, na wateja wa mikoani mpaka leo wanampigia yeye wakiamini wanaongea na sisi. Kuna mteja wa Songea alimtumia hela ya roli 40 za waya akidhani ni duka letu. Iliniuma sana. Nikasema kuanzia sasa namba ni ya duka, mpokeaji atabadilika ila namba haiondoki.

PABX za kununua bei ilinishinda, fundi akanishauri FreePBX kwa kuwa ni programu huria, hulipii leseni. Tukaipanga hivi: kompyuta ni Dell OptiPlex ya mtumba, i5 ya kori 4, RAM 16GB, na diski ya kuzunguka 1TB. Juu yake Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe, ndani mashine pepe mbili, moja Windows ya programu ya mahesabu na stoo, nyingine Debian 12 (aina ya Linux) yenye FreePBX 17 nimeipa CPU 2 na RAM 4GB. Kuna geitiwei ya laini 4 za simu (kiboksi kinachounganisha laini na mfumo), zote zimesajiliwa kwa jina la kampuni. Simu za mezani 6, ekstensheni (namba za ndani) 8 zilizobaki ni programu ya simu kwenye kompyuta na simujanja kupitia wifi. Ruta ni MikroTik, Mwanza wanaingia kwa WireGuard, njia ya siri ya VPN ndani ya intaneti.

Shida sasa. Kila siku ya kazi kuanzia saa nne asubuhi mpaka kama saa sita sauti inakatika katika, mtu anasikika nusu neno nusu neno, ikifika mchana inatulia yenyewe. Halafu Mwanza wakitupigia mara nyingine wanatusikia ila sisi hatuwasikii, na nyingine inakufa yenyewe baada ya nusu dakika hivi.

Kuna jamaa kaniambia Asterisk, injini ya simu iliyo ndani ya FreePBX, haitakiwi kabisa kukaa kwenye mashine pepe, ninunue kompyuta yake peke yake. Ni kweli?

#2 WayaMwekundu

Mkuu hayo ni matatizo matatu, usiyaweke kapu moja.

Nianze na la nusu dakika maana hilo lina namba yake. Hesabu kwa saa, utakuta ni sekunde 32. Ukipokea simu Asterisk inatuma jibu kwamba nimepokea, halafu inasubiri upande wa pili uthibitishe. Uthibitisho usipofika inarudia rudia mpaka muda uishe, na muda wenyewe ni mara 64 ya nusu sekunde, ndiyo hiyo 32, kisha inakata. Kwa hiyo uthibitisho wa Mwanza unapotea njiani. Mtuhumiwa wangu ni SIP ALG kwenye ruta (SIP ni lugha ya kuanzisha na kukata simu za mtandao, ALG ni kipengele cha ruta kinachoisoma), inajifanya inasaidia kumbe inachezea anwani zilizomo ndani ya ujumbe. Kwenye MikroTik izime hivi:

/ip firewall service-port disable sip

Kisha rudi hapa.

#3 Bonge_la_Seva

VM haina kosa, kosa ni hiyo diski ya kuzunguka inayogombaniwa na Windows. Nina wateja watano wanatumia FreePBX juu ya Proxmox hawajawahi kulalamika.

Sauti ya simu siyo sawa na kushusha faili. Kwa kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya alaw kila upande unatuma paketi 50 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 20. Faili likichelewa robo sekunde hakuna anayejua, sauti ikichelewa hivyo umepoteza silabi. Sasa saa nne ndiyo muda dukani kwenu ankara zinatoka kwa wingi, Windows inakamua diski na CPU, FreePBX inasubiri zamu. Nunua SSD yatakwisha.

#4 Mkongwe_wa_Laini

Vijana mnapenda kurahisisha. Huyo jamaa aliyemwambia Asterisk haikai kwenye mashine pepe hajakosea. Mimi nimeanza nayo enzi za Zaptel, programu ya kuendesha kadi za simu, kadi ya E1 (laini ya waya ya kampuni ya simu) yenye chaneli 30 imechomekwa kwenye PCI, na ile kadi ndiyo ilikuwa saa ya mfumo mzima. Ukiiweka kwenye mashine pepe saa inayumba, muziki wa kusubirisha unakwama, chumba cha mkutano kinatoa sauti kama ya roboti. Kompyuta ya peke yake ni laki mbili tatu za mtumba, kwa nini ujitese.

Na hawa Sangoma walioitengeneza Asterisk wenyewe walikuwa wanauza boksi maalumu, wangekuwa wajinga?

#5 Lulu_Debian

Shikamoo mzee Mkongwe. Naomba nirekebishe mambo mawili kwa heshima.

Asterisk haikutengenezwa na Sangoma. Aliianza Mark Spencer mwaka 1999 kule Alabama, Marekani, alikuwa na kampuni changa ya kuhudumia Linux akakosa hela ya kununua PABX, akaamua kuandika yake. Kampuni ndiyo ikaja kuitwa Digium. Sangoma walichukua FreePBX 2015 na Digium wakainunua 2018.

La pili ni hiyo saa. Ulichosema kilikuwa kweli kwa Zaptel na hata baada ya kubadilishwa jina kuwa DAHDI 2008, ila siku hizi Asterisk inachukua muda kutoka kernel (kiini) ya Linux yenyewe, haihitaji kadi. Mleta mada hana kadi yoyote, geitiwei yake inaongea kwa kebo ya mtandao. Hoja yako ingesimama kama angekuwa na E1.

#6 Mkongwe_wa_Laini

Marahaba binti. Kuhusu Digium umenikumbusha, nakubali. Kuhusu saa bado nasema mashine pepe inakaa foleni kupata CPU na ukiwa foleni saa haikusaidii. Sauti haisubiri.

#7 MamaVipuri

Mimi nina duka la vipuri Ilala sijui Asterisk ni nini ila nauliza tu, si mngetumia WhatsApp Business mkamaliza? Namba moja, watu wanne wanaifungua kwenye kompyuta, wateja wanatuma picha ya kipuri wanachotaka. Mbona maisha mepesi.

#8 Mzigo_Ghalani

MamaVipuri dada yangu WhatsApp tunayo na ndiyo inaleta picha za mizigo. Ila wateja wangu wengi ni mafundi wa mikoani, yupo juu ya nguzo au kwenye dari anataka kujua swichi ya kubadilisha ipo au haipo, anapiga kwa dakika za kifurushi chake, bando la intaneti hana. Na nikitaka simu iende kwa aliye wazi kati ya watu watano, kama hakuna iende ghalani, na niwe na kumbukumbu nani alipokea nini, WhatsApp hainipi hilo.

WayaMwekundu nimepima, sekunde 32 kamili mara tatu mfululizo. Nimeshangaa. ALG nimezima sasa hivi, kesho nitaleta jibu.

#9 Kaskazi_Msa

Salamu kutoka Mombasa. Hapa ofisini kwetu Tudor tulipatwa na mambo kama hayo, tukabadilisha seva, tukabadilisha ruta, mwisho wake ilikuwa ni kebo. Zile kebo za bei rahisi ambazo nje zimeandikwa Cat6 na ndani waya ni alumini iliyopakwa shaba. Simu zetu zachukua umeme kwenye hiyo hiyo kebo, na kwa urefu wa mita sitini hivi umeme ukawa hautoshi, simu yajizima yenyewe kisha yawaka. Kata kipande, kikwaruze kwa kisu, ukiona kweupe ndani basi ushajua.

#10 Bonge_la_Seva

Kaskazi kebo mbovu haijui saa nne. Ingekatika siku nzima.

#11 Kaskazi_Msa

Yajua ndugu yangu. Saa nne jua lishapanda, dari la mabati lishashika moto, na waya ukipata joto ukinzani waongezeka. Sisemi ndiyo hiyo, nasema msiitupe.

#12 Kijana_NOC

Nafanya kazi kwenye mtandao mmoja wa simu, sitautaja. Hakuna aliyeitaja hiyo geitiwei. Kariakoo saa nne mpaka saa sita ni muda ambao minara inabeba watu kupita kiasi, kila mtu anapiga simu na kila mtu yuko mtaa mmoja. Laini zako 4 zimekaa ndani ya jengo la ghorofa kadhaa, antena fupi zile za mpira zimebanana nyuma ya geitiwei, halafu zinaingiliana zenyewe kwa zenyewe. Sauti inakatika hewani kabla haijafika kwenye VM yako.

Kipimo ni rahisi. Kesho saa nne na nusu, bila kupiga nje, chukua simu ya mezani bonyeza *43. Hicho ni kipimo cha mwangwi, unaongea na seva inakurudishia sauti yako. Ikirudi safi basi seva na kebo hazina kosa, kamata geitiwei. Ikirudi imekatika basi wa VM na wa kebo mnaweza kuendelea kugombana.

#13 MamaVipuri

Hicho kipimo nimekipenda, kinaamua kesi bila mashahidi.

#14 Mzigo_Ghalani

Jibu la leo wakuu.

Simu ya mezani kaunta, *43 saa nne na nusu: inakatika kidogo, kama neno moja kati ya kumi. Simu ya mezani ghalani kupitia fiber: hivyo hivyo. Programu ya simu kwenye wifi: mbaya sana, haisikiki. Nikarudia saa nane mchana, mezani safi kabisa, wifi bado inakatika kidogo. Simu za nje kwa laini zilikatika asubuhi kuliko hata mwangwi.

Nikaangalia kebo ya kaunta, nimekwaruza, ni kweupe ndani. Ya ghala ni shaba.

Kufa baada ya sekunde 32 kumekoma tangu jana! Ila nikiri kitu, jana usiku fundi aliingia pia kwenye FreePBX akaongeza mtandao wa Mwanza kwenye orodha ya mitandao ya ndani, kwa hiyo mambo mawili yamebadilika kwa pamoja.

#15 WayaMwekundu

Aaah mkuu, kitu kimoja kwa wakati mmoja! Sasa hatutajua ALG ilikuwa na hatia au haikuwa nayo.

#16 Lulu_Debian

Mimi naamini ni hiyo orodha ya mitandao ya ndani. Fikiria, simu ya Mwanza inapita kwenye WireGuard, haiguswi na NAT (ruta kubadilisha anwani za paketi) wala ALG kwa sababu humo ndani ya WireGuard kila kitu kimefungwa, ruta inaona UDP ya WireGuard tu. Ila kama mtandao wa Mwanza haumo kwenye orodha, Asterisk inaichukulia simu ile kama iko nje, inaiambia nitumie majibu na sauti kwenye anwani yangu ya intaneti. Simu inatii, inatuma huko, haifiki. Ndiyo maana uthibitisho unapotea na ndiyo maana mlikuwa hamuwasikii.

#17 WayaMwekundu

Dada Lulu, ndani ya WireGuard sawa haiguswi, ila ikishafunguliwa kwenye ruta ya Kariakoo inakuwa paketi ya kawaida ya poti 5060, mlango wa SIP, inayopita kwenye ruta ile ile kwenda kwenye seva. Hapo ALG inaiona. Na kama ni orodha peke yake, mbona tatizo lilikuwa mara nyingine tu na siyo kila simu?

#18 Lulu_Debian

Kuna simu zenye akili ya kurudisha jibu pale ujumbe ulipotokea na kuna zisizo nayo, wana simu za mezani na programu za aina mbalimbali. Mzigo_Ghalani, Mwanza wale mliokuwa hamuwasikii walikuwa wanatumia chombo gani?

#19 Mzigo_Ghalani

Wako wawili, mmoja simu ya mezani mmoja programu kwenye simujanja. Sikuwahi kuandika ni yupi. Nikimuuliza kila mmoja anasema ni mwenzake.

#20 Mdau_Sinza

Tukiacha sauti kidogo, mleta mada hiyo kurasa ya kuongozea FreePBX umeifungua kwenye intaneti? Naomba jibu kwa sababu yalinikuta.

Niliweka mfumo kama huu kwenye ofisi ya ndugu yangu, ekstensheni 101 nenosiri 101, poti 5060 wazi kwa dunia nzima ili mtu apige akiwa nyumbani. Kuna roboti zinazunguka intaneti usiku na mchana kugonga poti hiyo. Siku ya tatu asubuhi tukakuta salio lote limekwenda kwenye simu za nchi ambazo hatuna mtu hata mmoja. Zilipigwa kuanzia saa nane usiku mpaka alfajiri, zote zimepita kwenye ekstensheni 101. Nilimlipa ndugu yangu nusu ya hasara kwa sababu mimi ndiye niliyeseti.

Na nenosiri refu peke yake halitoshi, Agosti 2025 lilipatikana tundu kubwa kwenye FreePBX, watu waliingia kwenye kurasa ya kuongozea bila hata nenosiri, waliopona ni wale ambao kurasa yao haikuwa wazi kwa umma. Fungia kila kitu nyuma ya WireGuard. Na njia ya simu za kimataifa, kama huitumii, ifute kabisa.

#21 Mzigo_Ghalani

Mdau pole sana na ahsante. Kurasa ilikuwa wazi. Nimeifunga nikiwa nasoma ujumbe wako. Manenosiri ya ekstensheni nabadilisha usiku huu.

#22 Baharia_Deira

Niko Dubai, nawanunulia mizigo watu wa Kariakoo kumi na kitu. Huku WhatsApp meseji zinakwenda ila kupiga haipigi, imezuiwa. Mzigo ukiniwekea ekstensheni hapo kwako si naweza kupiga simu za Dar kwa laini zako za geitiwei kwa bei ya Dar?

#23 Kijana_NOC

Mzigo_Ghalani usikubali hilo tafadhali. Simu imetoka nje ya nchi kwa intaneti, inaingia kwenye mtandao wa simu kupitia laini ya ndani kwa bei ya ndani, hiyo kwa jicho la sheria ni simboksi (kupitisha simu za nje kama za ndani) hata kama mmefanya kwa nia ya biashara ya duka. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana mtambo wa TTMS tangu 2013 unaofuatilia simu hizo.

Hata bila Dubai kaa chonjo. Laini ambayo haihami, inapiga kutwa, haipokei, haitumi meseji, ukiiangalia kwenye mfumo inafanana na simboksi na inaweza kufungwa. Nenda kwenye mtandao wako waeleze unatumia geitiwei ofisini, ikiwezekana chukua trunki ya SIP rasmi, yaani laini za simu zinazoletwa na mtandao wako kwa njia ya data. Na kwa ulichoanza nacho kuhusu namba kuwa ya duka, trunki rasmi ndiyo inakupa namba ya kampuni kwelikweli.

#24 Baharia_Deira

Nimeelewa mkuu, sikujua. Basi nitaongea na Mzigo ekstensheni kwa ekstensheni, haitoki nje.

#25 Mkongwe_wa_Laini

Hata huko kwenu kuna masharti yake ya kupiga kwa intaneti kijana, uliza kwanza.

#26 kiduku2

Mimi nashangaa mnavyoteseka na kompyuta chini ya kaunta, vumbi, umeme ukikatika mnakimbilia UPS. Kodi seva pepe Ulaya dola tano kwa mwezi mfumo mzima uko hewani.

#27 Bonge_la_Seva

Kiduku, nikipima mtandao (ping) mpaka Frankfurt kutoka hapa napata milisekunde 160 hivi kwenda na kurudi. Hapo sijaongeza ucheleweshaji wa simu zenyewe. Mtu wa kaunta akimpigia wa ghalani Vingunguti sauti iende Ujerumani irudi? Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, biashara zilizokuwa na mfumo Ulaya zilikaa zinatazamana. PABX ya ndani hata intaneti ikifa, kaunta na ghorofa ya juu wanaongea, na laini za geitiwei zinapokea.

#28 kiduku2

Na umeme ukikatika?

#29 Bonge_la_Seva

UPS. Geitiwei, swichi, ruta na hiyo OptiPlex vyote kwa pamoja havili umeme mwingi. Tena hiyo ya umeme imenikumbusha, Mzigo_Ghalani, bakapu za VM zinafanyika saa ngapi?

#30 Mzigo_Ghalani

Fundi aliweka saa saba usiku.

#31 Bonge_la_Seva

Fungua Proxmox uangalie kwa macho yako. Usimuulize fundi.

#32 Mzigo_Ghalani

Wakuu.

Imeandikwa 07:00. Nikaangalia saa ya mashine yenyewe, iko kwenye UTC.

Yaani fundi alitaka saa saba usiku, akaandika saba kama tunavyoitamka. Kompyuta ikasoma saa moja asubuhi, tena ya Greenwich, na sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Saa moja asubuhi ya huko ni saa nne asubuhi ya Kariakoo! Na bakapu ya VM zote mbili inaandikwa kwenye diski ile ile inayozunguka, logi inasema inachukua saa 1 na dakika 50. Saa nne mpaka karibu saa sita.

#33 MamaVipuri

Jamani! Saa ya Kiswahili imeangusha mtambo.

#34 WayaMwekundu

Bonge leo chukua soda kwa mangi useme ni mimi nalipa.

#35 Lulu_Debian

Hii imenyooka. Proxmox ikifanya bakapu VM ikiwa inawaka, kila kipande cha diski ambacho VM inataka kukiandika upya kinabidi kwanza kinakiliwe kwenye bakapu. Diski ya bakapu ikiwa ya polepole, VM inasimama inasubiri. Na wao kama wanarekodi simu zote ndiyo kabisa, kila simu inayorekodiwa inaandika karibu MB 1 kwa dakika. Mnarekodi?

#36 Mzigo_Ghalani

Zote, kwa ajili ya migogoro ya oda. Nimehamishia bakapu saa 01:00 na saa ya mashine nimeiweka ya Dar es Salaam. Nitaleta jibu baada ya siku tatu.

#37 Mkongwe_wa_Laini

Kwa hiyo tatizo lilikuwa ni mashine pepe. Isingekuwepo mashine pepe isingekuwepo bakapu ya mashine pepe.

#38 Bonge_la_Seva

Mzee hiyo hesabu siikubali hata kidogo. Kompyuta ya peke yake yenye diski ile ile na bakapu ya saa ile ile ingekwama vilevile. Na bila VM, hiyo OptiPlex ikiungua leo anaanza upya kuseti ekstensheni 14, menyu za sauti na kila kitu. Akiwa na bakapu ya VM anaazima kompyuta ya jirani, anarudisha, saa moja amemaliza.

#39 Mkongwe_wa_Laini

FreePBX ina bakapu yake yenyewe ya ndani, faili dogo tu, unaliweka kwenye flashi. Mimi nimerudisha mifumo kwa njia hiyo tangu enzi za Elastix, mfumo mwingine wa PABX, kabla kampuni ya 3CX hawajainunua 2016. Hukuhitaji kubeba mashine nzima mgongoni.

#40 Kaskazi_Msa

Hapo mzee yuko sawa, weka zote mbili. Na ile kebo ya kaunta ibadilishe hata kama haina hatia ya saa nne.

#41 Mzigo_Ghalani

Siku tatu zimepita.

Jumatatu saa nne mpaka saa sita: *43 safi kabisa kaunta na ghalani. Nilisimama pale nusu saa naongea peke yangu na mwangwi wangu, wateja wananitazama. Jumanne hivyo hivyo. Wifi bado mbaya, nimeagiza simu nyingine 4 za mezani ili wauzaji watoke kwenye wifi.

Yule mteja wa Songea amepiga namba ya duka Jumanne, kaongea dakika sita bila kukatika, kaniambia sasa nimewapata wenyewe.

Ila jana Jumatano, saa nne na robo, simu za nje zikaanza kukatika tena kwa dakika kama ishirini. Bakapu haikuwa inafanyika. *43 ilikuwa safi wakati huo huo. Na ilikuwa kwenye laini mbili tu kati ya nne.

#42 Kijana_NOC

Laini mbili zinazokatika ni za mtandao mmoja?

#43 Mzigo_Ghalani

Hapana, kila moja ina mtandao wake. Ila zimekaa pamoja, poti ya 3 na ya 4.

#44 Kijana_NOC

Antena. Nunua zile za waya mrefu, zitoe dirishani uziachanishe angalau nusu mita. Na mnara wenu saa hizo umejaa, hilo nilishasema #12.

#45 Lulu_Debian

Au geitiwei inabadilisha kodeki kwa hizo poti mbili. Angalia kama poti 3 na 4 zimewekewa kodeki tofauti na 1 na 2, ubongo wa zile geitiwei ni mdogo.

#46 Kaskazi_Msa

Au kebo ya geitiwei. Waikwaruza lini?

#47 Bonge_la_Seva

Au huenda jana Windows ilikuwa inajishushia masasisho. Angalia matumizi ya diski saa nne na robo jana kwenye grafu za Proxmox, zimo.

#48 WayaMwekundu

Ingekuwa diski, *43 nayo ingekatika na laini zote nne. Mkuu weka sngrep, programu ya kunasa paketi za simu, kwenye seva, ikitokea tena hifadhi simu moja nzuri na moja mbaya kwa wakati mmoja, tuone paketi zinapotelea upande upi. Na safari hii usiguse kitu kingine chochote mpaka tuone.

#49 Mzigo_Ghalani

Sawa mkuu, sigusi. Sngrep naweka leo jioni tukishafunga duka. Kebo ya geitiwei nimeikwaruza sasa hivi, ni shaba.